Nero, simba na kreti ya soda

SWALI: Anko shikamoo. Mi nachuuza dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Juzi usiku tulikuwa banda umiza tunaangalia muvi ya Warumi, DJ anatafsiri, akasema kaisari Nero ndo alikuwa anawatupia simba Wakristo pale Colosseum, ule uwanja wa Roma. Jamaa yangu akadai muongo huyo, enzi za Nero hiyo Colosseum haikuwepo. Tukabishana mpaka mitumbwi inaingia alfajiri hatujalala, tumewekeana kreti ya soda, mi niko upande wa DJ. Halafu hivi Warumi walikuwa na miungu kibao, sasa mmoja zaidi aliwauma nini mpaka waue watu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tafuta hela ya kreti, umeliwa. Nero alijiua mwaka 68, Colosseum imekuja kuzinduliwa mwaka 80 na kaisari Titus. DJ kachapia.

Ila usidhani namsafisha Nero. Mwaka 64 Roma iliungua vibaya, watu wakaanza kunong'ona kwamba mwenye moto ni yeye, ikabidi atafute wa kumbebesha zigo, akawaokota Wakristo. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anasimulia walivishwa ngozi za wanyama wakararuliwa na mbwa, ndiyo, mbwa, siyo simba, wengine wakasulubiwa, wengine wakawashwa moto usiku wawe taa kwenye bustani zake.

Hilo la pili ndo tamu. Mrumi hakujali sana moyoni unaamini nini, we abudu unachotaka, ila siku ukiambiwa weka ubani kwa ajili ya miungu ya dola na kaisari, weka. Ukigoma wanaona unaitibua miungu, njaa na tauni vitawapata wote, na sisi wa Kanda ya Ziwa tusijifanye kushangaa maana mvua ikikata hapa tunajua watu wanavyoanza kuangaliana. Wayahudi waliachiwa kwa kuwa dini yao ilikuwa ya mababu, Wakristo wakaonekana wameleta kitu kipya. Na si kwamba walisakwa kila siku, kaisari Trajan alimwandikia gavana wake Pliny kwamba asiwatafute, na barua za umbea zisizo na jina asipokee, ila wakishtakiwa na wakakataa kuiabudu miungu, waadhibiwe.

Mwaka 250 kaisari Decius akaja na staili yake, kila mtu atoe sadaka mbele ya kamati apewe cheti. Vyeti vyenyewe vimefukuliwa Misri, mpaka leo vinasomeka. Kimoja ni cha mzee Aurelius Diogenes, miaka 72, na wameandika kabisa ana kovu kwenye nyusi ya kulia, sijui waliogopa atamwazima jirani! Anasema siku zote ameitolea miungu sadaka na sasa mbele yao ametoa tena, amemimina kinywaji, ameonja nyama, anaomba wamsainie. Kuna Wakristo walinunua cheti bila kutoa sadaka yoyote, fujo ilipotulia makanisa yakagombana warudishwe au wafungiwe mlango.

Mi wanaonikaa kichwani ni Wakristo wale wa Carthage, Afrika Kaskazini, mwaka 180, wananikumbusha mashahidi wa Namugongo, Uganda, hapo ng'ambo ya ziwa ambao kila Juni watu wetu wanajazana kwenye mabasi kwenda kuhiji. Hakuna simba wala kelele za uwanjani, ni gavana tu, Saturninus, anawabembeleza waapie roho ya kaisari yaishe. Akamuuliza mmoja wao, Speratus, hicho kisanduku chako kina nini? Akajibu, vitabu, na barua za Paulo, mtu mwenye haki. Gavana akawapa siku 30 wakafikirie. Speratus akasema mimi ni Mkristo, na wenzake wakasema hivyohivyo, basi wote 12 wakakatwa vichwa.