Maswali ya Wasomaji: Nimeongozwa sala ya toba mara nne. Nimeokoka au bado?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Malindi na vitongoji vyake. Tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha.

Swali (Barani): Bwana Mhariri, nimehudhuria mikutano ya injili minne tangu mwaka jana. Kila mara mhubiri akiita watu mbele naenda, narudia maneno anayoyasema, nalia. Wiki tatu baadaye nakosana na mume wangu au nasema uongo kazini, naona yote yameharibika. Je, nimeokoka au bado? Nifanye nini ili nijue?

Jibu: Dada yetu, kosa halianzi kwako. Mikutano mingi huenda hivi: spika kubwa, watu mia kadhaa, maneno ya sala yanayorudiwa neno kwa neno, kisha jina linaandikwa kwenye kadi ambayo hakuna anayeifuatilia. Hakuna aliyekueleza unaokolewa na nini, wala na nani. Basi unabaki kujipima kwa machozi, na machozi hukauka.

Anza na jina lenyewe. Katika Mathayo 1:21 malaika anasema mtoto aitwe Yesu kwa kuwa atawaokoa watu wake na dhambi zao. Hapo hapakutajwa madeni, kesi ya shamba wala husuda ya jirani. Hayo utamwomba Mungu, na ni haki yako kuyaomba, lakini wokovu wa Kikristo ni huu: kuna deni baina ya mtu na Mungu ambalo mtu hawezi kulilipa, na Kristo alilibeba msalabani, akafa, akafufuka. Anayekwenda mbele akitafuta kazi au mchumba anaweza kulia sana na asiwe amejibu swali aliloulizwa.

Sasa neno "kuamini". Sisi watu wa pwani tuna bahati hapa, maana amini, imani, amani na amana yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Mtu akisafiri humwachia jirani anayemwamini dhahabu ya mkewe: ile ni amana. Hamwamini jirani kwa kusema tu "najua upo". Anamwamini pale mkono unapoachia kifurushi. Paulo alitumia picha hiyo hiyo kwa Timotheo (2 Timotheo 1:12): anamjua aliyemwamini, na ana hakika kwamba aweza kukilinda alichokiweka amana kwake. Tazama usalama uko wapi. Hauko katika nguvu za mikono ya anayeacha kifurushi, uko katika uaminifu wa anayekipokea. Mwenye wasiwasi na mwenye kujiamini wakiweka amana kwa mtu yule yule, mali zao ziko salama sawasawa, ila mmoja atalala vizuri zaidi. Yule baba katika Marko 9:24 aliyesema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" alijibiwa siku ile ile.

Kwa hiyo usiende mbele mara ya tano. Kaa mahali pa utulivu, useme na Mungu kwa maneno yako, Kigiriama ukipenda. Mtajie dhambi kwa majina yake, maana "nisamehe yote" ni maneno mepesi mno na hayamgusi anayeyasema. Mwambie unaacha kujitetea kwa wema wako, na kwamba unamtegemea Kristo aliyekufa na kufufuka. Warumi 10:9 yataja mambo mawili, kuamini moyoni na kukiri kwa kinywa; basi ndani ya siku chache mwambie mtu mmoja anayekufahamu, hata mumeo. Halafu toba yenyewe, ambayo katika Biblia ni kugeuka na kumrudia Mungu. Zakayo alitoa nusu ya mali yake kwa maskini na akaahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Andika orodha fupi: uliyemdanganya kazini, unayemdai na anayekudai, uliyemsema vibaya. Nenda kwa mmoja mmoja. Usipolipa orodha yote wiki moja hujapoteza wokovu. Ukikataa hata kuiandika, hapo jiulize kama mkono uliachia kifurushi kweli.

Na ukianguka tena baada ya wiki tatu? Yohana 13:10: aliyekwisha kuoga hana haja ila ya kutawadha miguu. Wewe kila ukichafua miguu unarudi kuoga upya, tena uwanjani mbele za watu. Ungama kosa lile (1 Yohana 1:9), mwombe radhi uliyemkosea, uendelee. Soma Injili ya Marko, sura moja kila siku. Ina sura 16, utaimaliza kwa wiki mbili na siku mbili. Kisha tafuta kanisa lenye mchungaji, padri au katekista anayekujua kwa jina. Hudhuria Jumapili tatu au nne kabla ya kuamua, na usikilize kama mahubiri yanamtaja Kristo kuliko yanavyomtaja mhubiri.

Swali (Muyeye): Nimeambiwa nipande mbegu ya shilingi elfu tano ili wokovu wangu "ufunguke". Sina kazi.

Jibu: Usitoe. Simoni wa Samaria alitaka kununua karama ya Mungu kwa fedha, na Petro akamjibu fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20). Sadaka ni ya mtu aliyekwisha kupokea, naye hutoa kwa hiari, kwa kadiri alivyo navyo.

Swali (Shela, Malindi): Rafiki zangu husema Yesu aliletwa huku na Wareno, na kwamba ushahidi ni kile kikanisa cha makuti na nguzo ya Vasco da Gama.

Jibu: Kikanisa kipo, na Wareno walifika 1498, kweli. Fransisko Ksaveri naye alipita Malindi 1542 akielekea India. Lakini Matendo sura ya 8 inamtaja towashi Mwafrika, mtunza hazina wa malkia Kandake, aliyeamini na kubatizwa njiani kabla injili haijafika Ulaya kwa mkono wa Paulo. Nayo Ethiopia ilikuwa na mfalme Mkristo katika karne ya 4, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya jahazi la Mreno kuonekana hapa. Rafiki zako wana haki ya kuwalaumu Wareno kwa mengi. Hili tu halimo.

Swali (Watamu): Nilibatizwa mtoto katika kanisa la Anglikana. Sasa nasali kwingine, wanataka kunibatiza baharini. Je, ule wa kwanza ni batili? Na baharini kuna usalama?

Jibu: Makanisa hayakubaliani, na ni afadhali ulijue hilo kuliko kudanganywa kwamba wote wanasema jambo moja. Wakatoliki na Waanglikana husema ubatizo ni mmoja tu: ukibatizwa kwa maji kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, haurudiwi, hata ulikuwa mchanga; ukikua unaithibitisha imani hiyo kwa kipaimara. Wapentekoste na Wabaptisti husema ubatizo ni wa aliyeamini mwenyewe, na ni wa kuzamishwa. Ushauri wetu: usibatizwe kwa sababu ya haya wala kwa kufuata umati. Mwombe mchungaji wako akuonyeshe maandiko yake, kamsikilize pia kasisi wa kule ulikotoka, ndipo uamue. Pande zote mbili zitakwambia kwamba maji bila imani hayamwokoi mtu mzima.

Kuhusu bahari, hapo tuna maneno, maana watu hujipangia Jumapili bila kutazama mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali sana, kisha hujaa kwa kasi. Kundi lililotembea hadi mwambani kutafuta kina hujikuta limezungukwa. Chagua siku za maji mafu, yaani maji yasipopwa wala kujaa sana, na muda maji yakiwa yamesimama au yanajaa polepole, wala si yanapotoka, kwa kuwa yanayotoka huvuta. Msimu wa kusi mawimbi ni makubwa. Kaskazi hutulia zaidi. Mto Sabaki msiingie kabisa: kuna viboko na mamba.

Kina kinachotosha ni cha kiunoni kwa mbatizwa mwenyewe, si kwa mchungaji mrefu. Wawe watu wawili wanaomshika, mmoja kila upande, na mwingine anayejua kuogelea asimame upande wa bahari kuu. Mbatizwa asiyape mawimbi kisogo. Asimame ubavu, wimbi lipite kwanza, ndipo azamishwe na kuinuliwa mara moja. Avae suruali au nguo nzito ya rangi iliyokoza chini ya kanzu, kwani kitambaa cheupe kikilowa hakimsitiri mtu, na pawe na dada ufukweni mwenye leso kavu, yaani kanga. Mwenye pumu au kifafa abatizwe kwenye tangi la kanisani. Hapotezi kitu.

Swali (Kakuyuni): Tangu mambo ya Shakahola naogopa kila anayehubiri kuokoka. Shangazi yangu anafunga sana. Nitajuaje mpaka uko wapi?

Jibu: Hofu yako ina msingi. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Shakahola, na walionusurika wameeleza jinsi watu walivyoambiwa wajinyime chakula ili wakutane na Yesu. Mahakama ina kazi yake. Sisi tutazame andiko.

Katika Matendo 16 mlinzi wa gereza la Filipi anauliza swali lile lile tunaloulizwa kila mwezi: afanye nini apate kuokoka? Watu hukariri jibu, "Mwamini Bwana Yesu", wakaacha yaliyolizunguka. Dakika chache kabla, mtu huyu alikuwa ameshika upanga ajiue, na neno la kwanza la Paulo kwake lilikuwa kumzuia asijidhuru. Na baada ya kuamini usiku ule, alifanya nini? Aliwaosha Paulo na Sila majeraha, akabatizwa, akawaleta nyumbani, akawaandalia chakula. Wokovu wake wa kwanza ulinukia jikoni. Mtu akikufundisha njia ya Yesu inayoanza na kujidhuru na kumalizikia kwenye njaa, ameisoma sura hiyo kinyumenyume. Tena Mathayo 24:26 yasema wakiwaambia yuko jangwani, msitoke.

Kufunga kwenyewe si kosa. Kwa kawaida Wakristo hufunga tangu asubuhi hadi jioni, siku moja au chache, maji wakinywa, wakatumia muda wa mlo kuomba na pesa ya mlo kumpa mwenye njaa. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye vidonda vya tumbo, na anayetumia dawa ya kisukari wasifunge chakula. Sukari yaweza kushuka ghafla mtu akazimia akiwa peke yake. Waache kitu kingine, simu kwa mfano. Shangazi yako mtazame hivi: Je, anakunywa maji? Anaruhusiwa kuacha akijisikia vibaya? Watoto nao wanafungishwa? Kuna mtu mmoja anayetoa amri, anayekataza hospitali na shule, anayewatenga watu na jamaa zao? Swali hilo la mwisho likijibiwa ndiyo, usingoje kikao cha ukoo. Nenda kwa chifu au polisi leo.

Swali (Marafa): Nimeokoka. Nyumbani kuna vigango vya babu, zile nguzo za mbao za kuchongwa za kumkumbuka marehemu. Kijana mmoja wa maombi anasema nivikate nivichome, kama Gideoni.

Jibu: Gideoni aliamriwa na Mungu mwenyewe, kwa jina lake, kuhusu madhabahu ya Baali. Wewe umeamriwa na kijana. Paulo alipofika Athene, mji uliojaa sanamu, hakuvunja hata moja. Alizitazama, akaanzia mahubiri yake kwenye maandishi ya madhabahu moja. Kinachobadilika kwa aliyeamini ni mahali anapopeleka haja yake. Hutamwaga tena pombe ya mnazi kuomba koma, roho za mababu, wakupe mvua au wakuondolee maradhi, maana amana yako imekwisha kuwekwa kwingine.

Lakini vigango ni vya ukoo, si vyako. Mzee wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, alisimamishiwa kigango na jamaa zake wote, na makumbusho ya taifa yanavihesabu kuwa turathi. Vingi vimeibwa na kuuzwa ng'ambo, na familia zimehangaika miaka kuvirudisha. Vingine vimerejeshwa kutoka Marekani. Ukivichoma, ukoo utakumbuka moto na hautasikia injili. Nenda kwa baba mkubwa mapema, kabla ya siku ya tambiko, bila hadhira. Mweleze kwa heshima kwamba mchango wa sadaka ya koma hutatoa, ila wa chakula cha matanga, wa kuchimba kaburi na wa karo za watoto utatoa kama kawaida. Kisha utoe kweli.

Swali (Gede): Baba amepooza, hasemi. Hakuwahi kubatizwa. "Kukiri kwa kinywa" atawezaje?

Jibu: Mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu alikuwa na pumzi chache tu, hakushuka kubatizwa, wala hakurudisha alichoiba, akaahidiwa peponi siku hiyo (Luka 23:43). Keti upande ambao baba anasikia vizuri. Msomee mistari michache, si sura nzima, polepole, katika lugha aliyoizoea. Muulize maswali ya ndiyo au la: aukaze mkono wako kwa ndiyo, au afumbe macho mara moja. Mpe muda baada ya kila swali, na urudie siku nyingine akiwa hajachoka, ili uwe na hakika kwamba ni jibu lake na si lako. Akikubali, mwite mchungaji au padri. Ikiwa hali imekuwa mbaya ghafla na hakuna wa kufika, Kanisa Katoliki linaruhusu mtu yeyote kubatiza: mimina maji safi kichwani mara tatu ukisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kikombe kimoja cha maji kinatosha. Akikaza mkono kwa "la", mfunike shuka, umletee uji, uendelee kumtunza.