Kwa wewe unayekabidhiwa programu za ofisi

Wadogo zangu mnaotoka chuoni na kuingia kwenye ofisi za Tanga mjini, au vyama vya ushirika vya Muheza na Pangani, mkipewa kazi ya kompyuta siku hizi si lazima mtaambiwa muandike programu kuanzia sifuri. Mara nyingi mtakabidhiwa zilizokwisha kujengwa kwenye majukwaa ya kutengenezea programu bila kuiandika mstari kwa mstari, kama AppSheet, Power Apps au Zoho Creator: hii ya kupokea maziwa, ile ya kuombea likizo, nyingine ya vipuri vya stoo. Aliyezijenga hayupo. Bosi atasema, "Zinafanya kazi, we ziangalie tu."

Kabla hujagusa kitufe chochote, uliza kila programu imesajiliwa kwa akaunti ya nani. Anayeitumia utamjua baadaye, kwanza mtafute anayeimiliki. Kijana wa mafunzo kwa vitendo huijenga kwa barua pepe yake binafsi, anasifiwa, muda wake unakwisha, waja leo waondoka leo kama ilivyo Tanga yetu, na programu inabaki mkononi mwake. Hata akiwa muungwana wa kupigiwa mfano, siku akaunti yake ikifungwa karani wa alfajiri atakuta skrini inamkatalia na foleni ya madumu imefika barabarani. Kwenye AppSheet hamisha umiliki uende kwenye akaunti ya ofisi, kwenye Power Apps ongeza mmiliki mwenza. Kisha ufuatilie na jedwali la data. Nimeshaona programu imehamishwa vizuri kabisa huku faili la Google Sheets inalolisoma limebaki kwenye Drive ya mtu aliyekwisha kuhamia Dodoma.

Ukimaliza hapo, andika orodha: jina la programu, mmiliki, data inakaa wapi, nani wanaitumia, na nani wa idara husika atakayejibu swali lako. Ukurasa mmoja unatosha. Wengi hawaiandiki, nao ndio wanaopigiwa simu usiku.

Sasa nije kwenye linalonisumbua zaidi. Programu iliyokufa haina hatari kubwa, maana watu watakuja juu na utaitengeneza. Iogope ile inayotoa jibu pungufu bila kusema lolote. Chukua kituo cha kupokea maziwa chenye wafugaji 200, kila mmoja akileta asubuhi na jioni. Karani anakagua kwa laktomita kama maziwa yametiwa maji, anaandika lita, programu inajumlisha. Hiyo ni mistari 400 kwa siku. Power Apps, ikikutana na fomula ambayo chanzo cha data hakiwezi kuikokotoa chenyewe, huvuta mistari 500 ya kwanza tu na kufanya hesabu kwenye kifaa cha mtumiaji. Kwenye mipangilio unaweza kukipandisha kikomo hicho hadi 2,000, basi. Kwa kikomo cha 500, siku ya pili tu kituo kimekwisha kuvuka, na mtumiaji haoni ujumbe wowote wa kosa. Mwisho wa mwezi jumla inatoka, imepangwa vizuri na desimali zake, na si kweli. Mfugaji wa Pongwe anayejua ng'ombe wake ametoa kiasi gani atakuja na daftari lake la kurasa zilizokunjamana, na daftari ndilo litakalokuwa sahihi.

Onyo lipo, ila linamtokea mjenzi peke yake: pembetatu ya njano kwenye sehemu ya kuhariri. Usiipuuze kwa kuwa programu "inafanya kazi". Iko hila moja ya kuzikamata fomula za namna hiyo mapema. Tengeneza nakala ya majaribio, shusha kikomo hadi 1, halafu fungua kila skrini. Orodha yoyote itakayoonyesha mstari mmoja tu, fomula yake itakuangusha siku data ikiongezeka. Irekebishe kwa kubadili fomula, au kwa kuhifadhi jumla za kila siku kwenye jedwali la pembeni.

Jedwali nalo lina mitego yake, mkubwa ukiwa ule utambulisho wa kila mstari. Jina la mtu halifai, kwani kituo kimoja cha hapa kwetu hakikosi akina Mwanaisha Salimu watatu. Namba ya simu nayo watu hubadilisha wakipoteza laini. Namba ya mstari ndiyo mbaya kuliko zote: mtu akipanga jedwali upya kwa alfabeti, rekodi ya huyu inakuwa ya yule. Tumia msimbo wa kipekee unaotolewa na jukwaa lenyewe. Kwenye AppSheet fomula yake ni UNIQUEID().

Kuhusu usiri, kuficha kitufe si kufunga mlango. AppSheet ina njia ya kuonyesha kipande cha jedwali kwa kila mtu, na wengi hudhani hapo wamelinda data, kumbe mistari mingine yote imeshashushwa kwenye simu yake. Kinachozuia data isitoke ni kichujio cha usalama, na hicho lazima ukiweke mwenyewe. Namba ya simu na akaunti ya benki ya mfugaji ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Asiyehusika na malipo asizione.

Power Apps hutenganisha kuhifadhi na kuchapisha, kwa hiyo unaweza kuhangaika na nusu ya kazi bila mtumiaji kujua. AppSheet kwa kawaida haina subira hiyo: ukihifadhi, wakisawazisha simu zao na mtandao wameipata. Fanya majaribio kwenye nakala, wala usibadilishe kitu siku ya malipo. Ijumaa saa sita pia uache, nusu ya ofisi iko msikitini na nusu nyingine imeshaaga.

Makarani wa vijijini wafundishwe jambo moja. AppSheet huandika bila mtandao na kutunza rekodi kwenye simu hadi isawazishwe, hivyo anayeifuta programu ili apate nafasi ya picha amefuta maziwa ya watu. Nawe weka safu ya saa ya kupima, kwa sababu rekodi ya alfajiri inaweza kufika adhuhuri.

Mwisho kuna kuzifunga. Google ilikuwa na jukwaa lake liitwalo App Maker, likazimwa tarehe 19 Januari 2021, na waliokuwa wamejenga humo wakalazimika kuhamia kwingine. Data inahamishika, lakini skrini na fomula kwa kawaida hujengwa upya. Basi kila mwezi toa nakala ya majedwali yote na uiweke nje ya jukwaa. Zile programu ambazo hakuna anayekumbuka zinafanya nini, usizifute kwa hasira. Ondoa kwanza ruhusa ya kuandika, acha ya kusoma, kisha ngoja mzunguko mmoja wa malipo upite. Asipopiga simu mtu, toa nakala ya data, halafu futa.