Muhogo ni uleule, virusi vilivyomo si vilevile

Mkuu, umeuliza: pingili ulikata shambani kwako mwenyewe, msimu uliopita batobato (ugonjwa wa virusi unaoshika majani ya muhogo) ilikuwa kidogo na ukavuna, mwaka huu mihogo imedumaa na majani yamejikunja. Je, kirusi kinaweza kubadilika ndani ya mti? Kinaweza. Yalinikuta mimi hapa Sengerema, mkoani Mwanza.

Misimu mitatu mfululizo nilikata pingili kwenye miti yenye batobato nyepesi. Ilikuwa inazaa, nikaamini imeshauzoea ugonjwa. Msimu wa nne karibu nusu ya shamba ikatoa vijani vyembamba vilivyosokotana, na chini mizizi kama kidole gumba. Udaga (muhogo mkavu wa ugali) wa mwaka ule haukujaza gunia, na nina watoto wanne. Bahati nzuri walikuwepo watafiti wanaokusanya majani huku kwetu, nikawapa sampuli. Majibu: mti mmoja, virusi viwili. ACMV, kirusi cha batobato cha siku zote, na EACMV-UG, kile cha Uganda, ndugu wa EACMV, kirusi cha batobato cha Afrika Mashariki.

Tunasema "kirusi" kana kwamba ni kimoja, kumbe ndani ya shina ni umati. Kirusi cha batobato kina vipande viwili vya DNA (maandishi ya urithi), kila kimoja kama herufi 2,800, na kikijinakili kwenye seli za muhogo makosa hutokea. Nakala nyingi zenye makosa hupotea. Chache hubaki katikati ya kundi, na zikikuta hali inayozifaa huongezeka. Kasi ya mabadiliko hayo inakaribia ile ya virusi vya RNA (aina nyingine ya maandishi ya urithi), jambo ambalo wengi hawakulitegemea kwa kirusi cha DNA.

Kubwa zaidi ni kuchanganyika. Virusi viwili tofauti vikiingia seli moja, wakati wa kunakiliwa kipande cha hiki kinaweza kushonewa kwenye kile. Hicho cha Uganda kilizaliwa hivyo: mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba katikati ya jeni ya protini ya ganda la EACMV kumekaa herufi 459 za ACMV. Ndicho kilichofagia mihogo ya Uganda miaka ya 1990, kisha kikashuka Kagera hadi kwetu. Na hata visipochanganyika, vikikaa pamoja vinasaidiana, maana kila kimoja kina namna yake ya kuzima kinga ya mmea. Muhogo unaoweza kupambana na kimoja hulemewa na viwili. Kwa ulivyoeleza, naona hilo ndilo limekupata.

Sasa sikiliza hapa, maana wengi hatupajui. Inzi mweupe akifyonza jani hubeba virusi vichache tu kati ya umati ule, kwa hiyo anapohamia mti mwingine aina nyingi zinabaki nyuma. Ni kama chekecheo. Pingili haichekechi kitu. Ukikata shina lenye ugonjwa ukalipanda, umehamisha umati mzima pamoja na nakala zake zote za ajabu, na mwakani inzi wanauongezea wageni wengine. Mimi misimu ile mitatu nilikuwa nalea virusi kwa mkono wangu.

Kuna mchangiaji juu amekushauri upige dawa. Dawa inaweza kupunguza inzi, ila hakuna inayotibu mti ulioambukizwa. Hela hiyo nunua pingili safi za mbegu kwa mzalishaji aliyekaguliwa na TOSCI (taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu), hata kama ni ya robo ekari. Miezi miwili ya mwanzo pita shambani kila wiki, ung'oe kila mti unaoonyesha batobato, hata kama roho inauma. Miti iliyo safi ifunge kamba mapema ili uijue wakati wa kukata pingili, majani yakiwa bado machanga. Ukisubiri hadi mavuno majani yamepukutika, na hutajua ni upi ulikuwa mzima.

Kitu kimoja nina wasiwasi nacho. Michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine wa muhogo, inaletwa na virusi vingine kabisa, vya RNA, navyo ni vya aina mbili, na mti wenye batobato unaweza kuwa navyo. Hiyo haionekani vizuri kwa kutazama majani ya juu. Kata muhogo mmoja katikati, upige picha, na nyingine ya majani ya chini, uziweke hapa tuzione.