Maswali yenu ya magrupu: piga simu kwanza

Wiki hii maswali yamekuwa mengi, na karibu yote yanahusu magrupu ya WhatsApp: ya ukoo, ya wazazi, ya vikoba, ya kamati za harusi. Nimechagua machache.

Nifanyeje nijitoe kwenye grupu bila watu kujua? (Wengi, Moshi na Arusha)

Hili nimeshalijibu, na bado linaletwa. Nalijibu kwa mara ya mwisho. Tangu 2022 ukijitoa, taarifa inawafikia maadmini peke yao. Lakini waliotoka ndani ya siku 60 bado wanaonekana kwa mwanachama yeyote atakayefungua orodha, kwa hiyo msitegemee siri. Kama kinachokusumbua ni kelele, zima sauti ya grupu: masaa nane, wiki, au daima. Kama kinachokusumbua ni mtu, kujitoa hakutakusaidia. Desemba mtakutana kihambani, shambani kwa ukoo, mtakaa benchi moja na mbege, pombe yetu ya ndizi, itapita kwake kabla haijafika kwako. Mpigie simu leo.

Mweka hazina wa grupu letu la wazazi ametundika orodha ya ambao hatujachangia mahafali. Jina langu ndilo la kwanza. Nimjibu palepale? (Mzazi, Kijenge)

Usimjibu palepale. Mpigie, mwambie lini utatoa na kiasi gani, kisha mwombe aishushe ile orodha. Akikataa, nenda kwa admini. Admini ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote grupuni.

Sasa niseme na ninyi waweka hazina. Tundikeni majina ya waliotoa, mshukuruni kila mmoja, wekeni jumla iliyopatikana na iliyobaki. Inatosha. Asiyejiona kwenye orodha anajijua. Mmesahau mji wenu unavyoishi? Mwezi wa nne na wa tano masika ikishika, wageni wanapungua mlimani na mbugani, na nyumba nyingi za Arusha zinazotegemea mpagazi, mpishi au dereva wa watalii zinakula akiba. Baba wa namna hiyo anaona jina lake mbele ya wazazi sitini, na jioni mtoto anamwuliza kwa nini mwenzake darasani amemwambia kwao hawajatoa. Deni la elfu ishirini haliruhusu kumfanyia mtu hivyo.

Amesoma, hajanijibu tangu juzi. Ananidharau? (Kijana, Majengo)

Hapana, amesoma akiwa kwenye daladala akasahau; muulize tena.

Kosta ilipata ajali upande wa Bomang'ombe. Nikatumiwa picha na majina ya marehemu, nami nikapeleka kwenye grupu la ukoo ili watu wajue. Jina moja halikuwa sahihi. Nimetolewa grupuni. Kosa langu ni lipi wakati nilikuwa nasaidia? (Kaka mkubwa, Himo)

Kaka, makosa ni mawili, na lile jina lisilo sahihi ndilo dogo.

Miaka michache iliyopita shangazi yangu alikuwa jikoni akichambua maharage, simu ikalia mara nyingi mfululizo. Akadhani ni kamati ya harusi. Akafungua, akakuta watu arobaini wanaandika "pole sana mama". Alisoma pole thelathini kabla ya kupata ujumbe wa kwanza uliosema mwanawe amefariki. Alikuwa peke yake nyumbani. Wazee wawili waliokuwa wametumwa kumpa habari walikuwa njiani kutoka Kiborloni, na walipofika walimkuta sakafuni. Aliyetuma ujumbe ule naye alisema alikuwa anasaidia.

Kwetu habari ya kifo hupelekwa na mtu. Anakwenda mkubwa wa familia na mwenzake, wanasalimia, wanakaa, wanahakikisha mfiwa ana wa kumshika mkono, ndipo wanasema. Simu haijaondoa sababu ya utaratibu huo. Subiri familia itangaze, kisha wewe tangaza muda wa ibada, mahali pa maziko na namba ya rambirambi. Picha ya majeruhi au marehemu usitume popote, hata ukiiziba uso. Nguo tu mama anaijua.

Na ujumbe ukikujia una mishale miwili juu yake, maana yake umeshapokezanwa mara tano au zaidi, na hakuna kati yenu anayejua ulianzia wapi. Ukishaubaini kuwa ni uongo, ufute na uombe radhi. Una siku mbili na kitu za kuufuta kwa wote. Anayeusambaza akijua ni uongo, kwa nia ya kupotosha watu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtajia faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Rudi kwa familia ambayo jina lao ulilitaja. Nenda kwa miguu yako. Usiwaandikie.

Wazee wanaandika Kichagga grupuni na sisi tuliozaliwa Arusha hatuambulii kitu. Tuwaambie waache? (Mjukuu, Sakina)

Msiwaambie waache. Lugha hiyo ina mahali pachache pa kuandikwa, na grupu la ukoo ni mojawapo. Ombeni kikao, michango na tarehe viandikwe Kiswahili pia, maana kuna wakwe humo, na hata Mchagga wa Rombo na wa Machame hawaelewani vizuri kila mmoja akishika lugha ya kwao.

Mwenzetu wa kikoba aliomba laki mbili grupuni usiku, tukatuma. Kumbe si yeye, simu yake imeingiliwa. Tumtoe? (Katibu, Pasua)

Itoeni namba, mtu mbakisheni. Ameibiwa kama mlivyoibiwa. Kwa kawaida mwizi hutuma ujumbe kupitia jina mnalolijua: "nimekosea, namba sita zimekuja kwako, nitumie." Hizo namba sita ndizo ufunguo wa akaunti yako, usimpe mtu, hata mama yako akiziomba kwa maandishi. Leo hii ingieni kwenye mipangilio ya akaunti muwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Namba iliyopokea pesa ripotini kwa 15040, na mwambieni mtandao wa simu mapema kabla pesa haijatolewa.

Ila nina swali kwenu. Mwenzenu anaomba laki mbili saa tano usiku, na kati ya wanachama wote hakuna hata mmoja aliyempigia kusikia sauti yake?

Mwisho wa kutuma ujumbe grupuni uwe saa ngapi? (Admini mpya, Njiro)

Saa tatu usiku. Ugonjwa na msiba, piga simu.