Rangi ya kucha, udhu, na mkono unaofunika mdomo

SWALI: Assalaam aleikum sheikh. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Arusha, lakini nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai. Meno yangu yana rangi ya kahawia tangu utotoni kwa sababu ya maji ya kwetu. Toka shule ya msingi nimezoea kufunika mdomo kwa mkono nikicheka. Sasa ni wakala wa pesa hapa Ngarenaro, kutwa nahesabu noti mbele ya watu. Miaka miwili iliyopita nilianza kujitengeneza kucha mwenyewe nyumbani usiku, watoto wakishalala. Naziloweka, nazichonga, napaka rangi, nachora vimaua kwa kijiti cha meno. Siku hizi napaka na jeli, naikausha kwa taa ndogo. Sheikh, sitakuficha, imenisaidia. Mkono ninaofunikia mdomo sasa watu wanausifu, na mimi nimeanza kuongea na wateja bila kuinamisha kichwa. Ustadhi wa darasa letu la akina mama alitufundisha kwamba ukitawadha kwanza ndipo ukapaka, rangi inakuwa kama soksi za ngozi, unapitisha maji juu na udhu umetimia. Nikawa naswali hivyo. Mwezi uliopita dada yangu amekuja kutoka Moshi, akaniambia swala zangu za miaka miwili ni bure, na kwamba mwanamke anayepaka rangi kucha amelaaniwa. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Je, nimelaaniwa? Nilipe swala zote? Na niache kabisa?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimekwama pale kwenye mkono unaofunika mdomo. Nami nimenywa maji hayo hayo, upande wa Usa River, na picha ya harusi yangu ina kijana aliyebana midomo kama mtu anayezuia kikohozi. Usidhani unajibiwa na mtu anayeliangalia jambo hili kwa mbali.

Nianze na lililokukosesha usingizi. Hujalaaniwa. Laana ni neno zito, halitolewi sebuleni na mtu aliyeteremka kwenye basi jioni ile. Waliotajwa kwa laana katika hadithi sahihi za mlango huu wa urembo wanajulikana: mwenye kuunga nywele na mwenye kuungwa, mwenye kuchora mwili kwa sindano na mwenye kuchorwa, mwenye kunyofoa nyusi, na mwenye kuchonga meno kuyaachanisha kwa ajili ya uzuri. Mwenye kupaka rangi ya kucha hayumo, wala sisi hatukupewa kalamu ya kuongeza majina. Asili ya pambo ni halali. Allah anauliza katika Suratul A'raf, aya ya 32, ni nani aliyeharamisha pambo la Allah alilowatolea waja wake, na swali hilo limekuja kwa kukemea. Ipo pia hadithi ya Bibi Aisha, mke wa Mtume, katika vitabu vya hadithi vya Abu Daud na Nasai: mwanamke alinyoosha mkono nyuma ya pazia akiwa na barua, Mtume (s.a.w.) akazuia mkono wake, akasema hajui kama ni mkono wa mwanamume au wa mwanamke. Alipoambiwa ni wa mwanamke, akasema kama angekuwa mwanamke angezibadilisha kucha zake, yaani kwa hina. Baadhi ya wanazuoni wameidhoofisha sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, kwa hiyo siijengei hukumu. Naitaja ili dada yako ajue kwamba kucha za mwanamke kutiwa rangi halikuanza na sisi.

Sasa huyo ustadhi. Hapa nina ugomvi, na wewe humo. Fundisho hili la soksi nimelisikia Arusha, nimelisikia Moshi, na siku hizi linazunguka kwenye simu kwa sauti za kurekodiwa, kila anayelipokea analituma kwa akina mama wengine kumi. Linapendwa kwa sababu linampa kila mtu anachokitaka. Hoja yake ni hii: Mtume alipangusa kwa mkono wenye maji juu ya khufu, yaani zile soksi za ngozi, badala ya kuosha miguu, kwa kuwa alizivaa akiwa tohara, yaani akiwa na udhu, basi kila kilichowekwa juu ya kiungo kikiwa tohara kinapanguswa.

Namwomba ustadhi asome hadithi yenyewe ya khufu mpaka mwisho wake, maana jibu limo humo humo. Sahaba Mughira bin Shu'ba alikuwa na Mtume safarini, katika vita vya Tabuk. Mtume alikuwa amevaa juba la Sham lenye mikono ya kubana. Akataka kutawadha, akajaribu kuutoa mkono kwenye juba, ukakataa. Akairudisha mikono ndani, akaitolea chini ya juba, akaiosha. Kisha Mughira akainama amvue khufu, akamwambia aziache, kwa kuwa alizivaa miguu ikiwa tohara, akapangusa juu yake. Iko kwa Bukhari na Muslim. Tazama, mwanangu: ni udhu mmoja, wa mtu mmoja, yuko safarini. Mguuni kuna ngozi, mkononi kuna nguo iliyobana mpaka haipandi. Mguu ukapanguswa juu ya ngozi. Mkono ukatolewa kwa taabu ukaoshwa. Ingekuwa kila kinachovaliwa kinapanguswa, Mtume angehangaika na mikono ya juba kwa lipi? Angepitisha maji juu ya kitambaa akaendelea na safari. Ruhusa imekuja kwa mguu, ikaishia mguuni, na aliyeichukua kutoka mguuni akaipeleka kwenye kucha za mkono ameivusha mto ambao mwenye ruhusa mwenyewe hakuuvuka.

Na hata tukimkubalia kwa mjadala tu, khufu zina muda: mkazi wa mji usiku na mchana mmoja, msafiri siku tatu, na kwa janaba, yaani hali inayolazimu kuoga mwili mzima, zinavuliwa. Jeli yako inakaa wiki mbili, pengine tatu. Je, aliwaambia mbandue kila baada ya saa 24? Naona hakuwaambia. Kachukua ruhusa akaacha masharti yake mlangoni.

Wengine wakishindwa hapo hukimbilia bandeji. Wanasema mwenye jeraha anapangusa juu ya bandeji, na kukosa kujiamini nako ni jeraha. Maneno matamu haya, lakini bandeji ameruhusiwa mtu ambaye maji yatamdhuru kiungo. Maji hayadhuru kucha zako. Kinachoharibika ni ule urembo, nao utapakwa tena.

Na sokoni ipo rangi inayouzwa kwa jina la "rangi ya halali". Inglot, kampuni ya Poland, ilitoa rangi inayosifiwa kupitisha hewa na mvuke wa maji, na Waislamu wengi duniani wakaifurahia. Siwalaumu watengenezaji, wametengeneza rangi ya kucha. Ila Allah ametuambia katika Suratul Maida, aya ya 6, tuoshe nyuso zetu na mikono yetu mpaka kwenye viwiko. Kuosha ni maji kutiririka juu ya kiungo. Mvuke unaojipenyeza kidogo kidogo hauitwi kuosha katika lugha ya Waarabu, wala katika Kiswahili chetu: mama aliyekuagiza uoshe sufuria hakubali uiachie mvuke wa chai. Ama jeli, haihitaji mjadala mrefu. Ile taa inaigandisha ikawa kama plastiki, ndiyo maana unaosha vyombo na kufua siku zote hizo na ua lako liko pale pale.

Na usiseme ukucha ni kitu kidogo. Umar bin Khattab amesimulia kwamba mtu alitawadha akaacha mguuni sehemu ya ukubwa wa ukucha haikupata maji. Mtume akamwona, akamwambia arudi akatawadhe vizuri. Ukubwa wa ukucha! Imam Nawawi, katika maimamu wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, akasema kwamba nta, unga uliokandwa au hina ikiganda juu ya kiungo ikazuia maji, tohara haisihi, iwe nyingi au kidogo. Lakini hina ikiondoka ikabaki rangi yake tu, tohara ni sahihi. Kinachozuia ni ganda. Rangi peke yake haizuii kitu.

Kwa hiyo nusu ya alichosema ustadhi ni kweli, tumpe haki yake. Ukipaka ukiwa na udhu, udhu haubatiliki kwa kupaka, na unaswali nao mpaka utakapotenguka. Ukishatenguka, ganda litoke kabla hujatawadha tena.

Swala za miaka miwili. Hapa masheikh zangu walionifundisha wangekuambia ulipe, kwa sababu sharti la swala halikutimia, na wana hoja ambayo siidharau. Mimi naegemea upande mwingine. Yule mtu aliyeswali vibaya msikitini mbele ya Mtume, akarudishwa mara tatu, mpaka akaapa kwamba hajui kuswali vizuri zaidi ya hivyo: alifundishwa, na ya wakati ule ndiyo aliyoamrishwa airudie, hakuambiwa alipe za miaka iliyopita. Mwanachuoni Ibn Taymiyya ameijenga juu ya hadithi hiyo hukumu ya mtu asiyejua. Wewe uliuliza, ukafundishwa na mtu uliyemwamini, ukafanya kama ulivyofundishwa. Sioni kwamba unadaiwa. Zile ulizoswali na jeli baada ya dada yako kukuonya, ukiwa umeshaingia shaka na hujauliza, hizo zilipe, nazo hazizidi mwezi. Na ukitaka kulipa zaidi kwa kutuliza moyo, lipa moja moja kadiri ya uwezo wako, bila kujiua.

Uache kabisa? Hapana. Nimefurahi kwamba unajipaka mwenyewe, nyumbani kwako. Wale vijana wanaopita mitaani wakigonganisha vichupa, wakamshika mwanamke mkono nusu saa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka, nimeshawasema mara nyingi mpaka nimechosha watu, hapa nawaacha. Siku zako za hedhi huna swala, basi paka utakavyo, chora hata bustani nzima, ila kabla ya josho la kumaliza hedhi zitoe zote. Jeli iloweshe kwa pamba yenye asetoni, funga kwa karatasi ya foili dakika 10 hadi 15, itajiachia. Usiibandue kwa nguvu, utaondoka na tabaka la ukucha wenyewe. Kama unaona haya watu watajua upo katika siku gani, basi paka nyakati nyingine rangi ya kawaida baada ya isha ukiwa na udhu wako, uifute kabla ya alfajiri. Huo ni urembo wa ndani, na wa ndani nao wana macho.

Kwa mchana wa kazini nakushauri hina. Mwanamke anayechora maua kwa kijiti cha meno atashindwaje na hina? Kata utepe wa nailoni wenye gundi vipande vidogo, tengeneza umbo, bandika kwenye ukucha, paka hina nzito, acha usiku, asubuhi kwangua mpaka lisibaki hata punje. Rangi imeingia kwenye ukucha, maji yanapita, unaswali mwezi mzima. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo ua lako litapanda taratibu kuelekea nchani. Usiliachie likapita siku 40 bila kukata, maana huo ndio mpaka tuliowekewa katika hadithi ya Anas. Jihadhari na piko. Ile nyeusi yenye kemikali za kutia nywele rangi imewachoma wanawake ngozi kabla ya harusi zao. Na wateja wanaume? Wanazuoni wamehitilafiana katika "kinachodhihiri" cha Suratun Nur, aya ya 31, yaani pambo ambalo mwanamke hakukatazwa kulionyesha, na kwa sahaba Ibn Abbas imepokewa kuwa wanja na pete vimo. Hina ya utulivu kwenye kucha sioni ubaya wake. Vimetameta vibaki nyumbani.

Nirudi kwenye mkono wako, kwa sababu naona swali lako halisi liko huko. Meno yako hayakuharibika kwa uchafu, na anayekucheka hajui asemalo. Floraidi inatoka kwenye miamba ya volkano ya milima hii yetu, inaingia kwenye maji, na mtoto akiyanywa wakati meno yake ya kudumu yanajengeka ndani ya fizi, hutoka yakiwa na madoa. Je, kuyatibu ni kubadilisha umbile la Allah? Umeiona hadithi hapo juu: aliyekatazwa ni mwenye kuchonga meno mazima kwa ajili ya uzuri. Kuondoa kasoro ni mlango mwingine. Sahaba Arfaja bin As'ad alipoteza pua yake vitani, akaweka ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume akamwamrisha aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Kama pua ya dhahabu iliruhusiwa kwa mwanamume, kung'arisha meno au kuyafunika kwa daktari wa meno kwako ni halali bila wasiwasi. Kazungumze naye, akuambie bei, uweke akiba kidogo kidogo katika hizo kamisheni zako. Sikuahidi kwamba utaacha kufunika mdomo siku ya kwanza. Mimi mkono bado unapanda wenyewe.

Na wale watoto wawili. Kama bado wadogo, meno yao yanajengeka sasa hivi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja ya maji, na visima vingi vya huko kwetu vinapita hapo mbali. Kuchemsha hakuiondoi, tena maji yakipungua sufuriani yenyewe inazidi. Vuna maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia, au tafuta chujio la mkaa wa mifupa kama wanaolitengeneza kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Magadi kwenye maharage na makande punguza, nayo imejaa floraidi.

Dada yako mpelekee salamu zangu. Kwenye udhu alikuwa na haki. Kwenye laana, alete istighfari, yaani amwombe Allah msamaha. Wallahu a'lam.