Re: Simu imeanguka, je, garanti bado ipo?

Ndugu yetu wa Birere, mjini Goma, unauliza kama mwenye duka analazimika kukutengenezea simu iliyoanguka na kupasuka kioo, ilhali karatasi ya garanti ya miezi 6 ungali nayo. Kuhusu kioo, sioni njia, isipokuwa karatasi yenyewe itaje kuanguka, jambo ambalo ni nadra. Amri ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo mahakama zetu za Kongo huitegemea hadi leo, humwajibisha muuzaji kwa kasoro iliyofichika ndani ya kitu alichouza, si kwa pigo lililokipata mikononi mwa mnunuzi.

Lakini umeandika, kwa kupitia tu, kwamba simu ilikataa kuchaji wiki moja kabla ya kuanguka. Hapo ndipo penye haki yako! Kasoro hiyo ikithibitishwa kuwa ilikuwemo tangu siku ya mauzo, unaweza kurudisha simu ukalipwa bei yake, au kubaki nayo ukarejeshewa sehemu ya bei. Mzigo wa kuthibitisha ni wako, na sheria inataka udai upesi; kwa hiyo tunza risiti pamoja na ujumbe uliomwandikia muuzaji wakati ule, wala usimruhusu fundi wa barabarani aifungue kwanza.