Chipsi zinakuwa nyeusi? Toa viazi kwenye friji

Dada, umeuliza kwa nini chipsi zako zinakuwa nyeusi nje na mbichi ndani, na ukijani kwenye viazi unatoka wapi. Kwa chipsi, usilaumu mafuta. Ni friji. Viazi mviringo vikikaa kwenye baridi kali, wanga wake unageuka sukari, na sukari ndiyo inayoungua mapema. Vitoe, vikae wiki mbili hivi mahali pakavu penye giza, sukari itapungua. Kama una haraka, hivyo vipikie mchuzi tu.

Tenga au kiroba kilichoachwa wazi mdomo kinatosha, chini ya meza ya jikoni. Mfuko wa plastiki hapana, vinatoa jasho na kuoza. Wala usivioshe kabla ya siku ya kupika, udongo wa shambani uache hapo hapo. Kimoja kikianza kulainika kitoe, maana ile harufu, mh!

Ule ukijani wa viazi uliouliza unaletwa na mwanga, na mara nyingi huandamana na sumu iitwayo solanini, ambayo kuchemsha hakuiondoi. Ukiwa kidogo, menya nene na uchimbe machipukizi yote. Kikiwa kijani kotekote au kichungu, tupa, usiwape hata watoto.